Meza ya Bwana Begani

Ndugu zangu, msimtafute mtu huyu katika Biblia zenu, hamtampata. Nimemtunga mwenyewe, ili tumsute yeye kwanza kabla hatujajisuta sisi.

Alikuwako Mlawi mmoja wa ukoo wa Kohathi, zama zile Israeli wanahamahama jangwani. Kazi ya ukoo ule mnaijua. Wingu lilipoinuka juu ya hema ya kukutania, ishara ya kuanza safari, makuhani waliingia kuvifunika vyombo vitakatifu, kisha Wakohathi wakaja kuvibeba. Koo nyingine za Walawi zilipewa magari ya ng'ombe kwa ajili ya mapazia na mbao. Wao hawakupewa gari. Vitu vile vilikuwa vya begani, na kuvigusa kwa mkono ilikuwa kifo. Huyu wetu alibeba meza ya mikate, ile iliyokaa mbele za Bwana daima. Makuhani waliitandikia nguo ya samawati, wakaifunika kwa nyekundu, juu wakaweka ngozi, wakapitisha miti yake ya kubebea. Yeye alishika ncha ya nyuma ya mti mmoja.

Safari ya kwanza alitembea machozi yakimtoka, wala hakuona haya. Lakini binadamu huzoea. Jua ni kali, mchanga unachoma, bega linachubuka, na ile ngozi ya juu kila siku ni ileile. Akaanza kuwaonea wivu wenye magari. "Wenzetu wanatembea mikono mitupu," alinung'unika, "sisi tumefanywa punda."

Hemani kwake alikuwa na mama yake, mjane, mgonjwa, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia. Marehemu mumewe naye alikuwa mbebaji, na kila walipopiga kambi alikuwa akimketisha mkewe na kumsimulia ilikuwaje kutembea karibu na utukufu ule. Mwanamke hakuruhusiwa kuvikaribia vitu vile, kwa hiyo yote aliyoyajua aliyajua kwa masikio. Sasa alitaka jambo moja tu kabla hajafa: asimuliwe tena.

"Mwanangu, leo ilikuwaje?"

"Nimechoka, mama. Kesho."

Na kesho ilipofika: "Jua lilikuwa kali, mama. Hakuna jipya."

Hivi jamani, mtu atoke mbele za Mungu, aulizwe habari, ajibu habari za jua?

Siku moja safarini kiriba chake cha maji kilikuwa kikimsumbua kiunoni. Akakifungua, akakitundika kwenye mti wa meza. Mwenzake wa mti wa pili akamtazama.

"Ndugu, umetundika nini hapo?"

"Maji yangu tu. Mti ni mti."

Mwenzake akageuza macho mbele, mwendo ukaendelea. Ardhi haikupasuka, moto haukushuka. Na hilo ndilo linaloniumiza mimi, wapendwa, kwamba hakuna kilichotokea. Kiriba kilining'inia pale mpaka kambini, na kesho yake akakitundika tena bila hata kufikiri.

Kesho hiyo wakapishana na Mmidiani mmoja, mfanyabiashara mwenye ngamia, mtu wa miungu mingine. Alipoviona vile vitu vilivyofunikwa vinakuja, aliteremka, akaanguka kifudifudi mchangani, hakuinuka mpaka vyote vilipopita. Mlawi wetu aliona ni kichekesho. Jioni, baada ya siku nyingi, akawa na habari ya kumpa mama.

"Mama, leo ungecheka! Kuna Mmidiani kaisujudia meza. Meza, mama! Wala hajui ndani mna nini."

Mama hakucheka. Akajiinua kwa shida kwenye ngozi aliyolalia.

"Yuko wapi sasa mtu huyo?"

"Katufuata. Yuko nje ya kambi, na ngamia wake."

"Nibebe, unipeleke kwake."

Akabisha, lakini mama ni mama. Akambeba mgongoni, akapita naye katikati ya mahema, watu wakitazama. Yule mgeni alipoelezwa anachotakiwa, alifadhaika.

"Mama yangu, mimi sikuona kitu," alisema. "Niliona ngozi na miti. Ila niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hapohapo nikatamani visipite upesi. Nilipoinuka, niliona haya kupanda ngamia. Nimewafuata mpaka hapa kwa miguu."

Mama akalia, na huku anatabasamu. "Ndivyo," alisema. "Ndivyo hasa alivyokuwa akinisimulia mume wangu." Akaushika mkono wa yule mgeni, asitake kuuachia.

Wakati wa kurudi, mwana alijaa uchungu na aibu. "Mama, umenivunjia heshima mbele ya kambi nzima. Anayeibeba ni mimi! Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza, mwanangu," mama akamjibu taratibu, kichwa amekilaza begani pake. "Nilikuuliza kila jioni."

Alipomlaza hemani aliketi kando yake, akatafuta neno moja, neno moja tu la kweli la kumwambia juu ya ile meza, na hakulipata. Kabla wingu halijainuka tena, walikuwa wamekwisha kumzika mama.

Wapendwa, sisi hatubebi meza ile. Lakini hebu tujitazame. Tunaingia humu tunamalizia soga za mlangoni. Meza ya Bwana tunaiwekea simu na chupa za maji, eti kwa kuwa iko karibu. Wanakwaya tunaimba kwamba Mungu ni mtakatifu huku tunakaguana sare. Na sisi wachungaji tunaumega mkate tukiwaza chakula cha mchana tutaalikwa kwa nani. Moto haushuki, basi tunadhani hakuna kilichopotea. Kimepotea, ndugu zangu, tena kingi.

Majumbani mwetu wako wazee wasioweza tena kutembea kufika hapa. Wako wagonjwa, wako watoto tuliowaacha. Tukirudi leo watatuuliza: ibada ilikuwaje? Na sisi, tuliokaa mbele za Mungu aliye hai, tutawajibu kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Jumapili ijayo watatuuliza tena, kwa sababu wanatupenda. Lakini hawatatuuliza milele.