Yowe la Zimwi

Nikisema "Haya!", nanyi nyote semeni "Haya!" Haya! Vizuri, nimewasikia.

Palikuwa na kijiji chenye desturi moja: yowe likipigwa, kila mtu hutoka na fimbo, na anayeuliza sababu huitwa mwoga. Zimwi la msituni likaijua desturi hiyo, likacheka.

Siku ya kwanza likapiga yowe: "Mwizi!" Watu wakatoka mbio, wakampiga muuza vyungu mpaka akafa. Walipoondoka, zimwi likamla. Siku ya pili: "Mchawi!" Wakamuua mganga wao wenyewe. Zimwi likala, likanenepa.

Siku ya tatu: "Mla watoto!" Wakauzingira mlango wa mjane, Bi Mwanasiti. Akatoka na unga mikononi, akamshika mkono aliyekuwa mbele.

"Shemeji Makame, umeona nini?"

"Mimi? Nimemsikia Faki."

"Faki mwanangu, umeona nini?"

"Nimemsikia Haji, bibi."

Akaenda hivyo mtu kwa mtu, mpaka kwa yule wa nyuma kabisa, mrefu kuliko paa.

"Na wewe, ni mwana wa nani?"

Zimwi likarudi nyuma hatua moja. Watu wote wakageuka, wakalitazama. Kwa kutazamwa vile likanywea, likawa dogo kama panya, likapenya shimoni.

"Tumemfukuza muuaji!" wakashangilia.

Bi Mwanasiti akasema, "Zimwi halikushika fimbo hata siku moja."

Wakatazama mikono yao.

Nanyi mlioniitikia "Haya!", mbona hamkuniuliza ya nini?