Nusu ya Kichwa cha Papa Ilunga

Fisi alinusa nyama kwenye njia panda, akataka kufuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, akapasuka msamba. Kabamba wa soko la Nchelenge alimcheka fisi huyo tangu utotoni, asijue kuwa ni ndugu yake.

Chini ya mwavuli mmoja Kabamba alinyoa, alishona na kutengeneza simu, betri moja ya sola ikimtosha kwa shida. Alimpenda Marlène, mwalimu wa baiolojia, mpaka usingizi ukampaa. Jumamosi hiyo wazee wake wangevuka ziwa kwa boti kutoka Kilwa kumposea, na baba ya binti, Papa Ilunga, ndiye angetoa jibu.

Asubuhi Marlène alimwonya tena juu ya kazi zake tatu.

"Kabamba, seli changa ya musuli iko na maagizo yote mu DNA: ya mufupa, ya mafuta, ya musuli. Mwili unabandika vialama vidogo, metili, juu ya yenye haihitaji, unayafunga. Njo seli inakuwa musuli wa kweli. Yote ikibakia wazi, haikomae!"

"Miye hapana seli," Kabamba alijigamba. "Miye niko mwili muzima!"

Haukupita muda, Papa Ilunga mwenyewe akaja kunyolewa, apendeze mbele ya wageni. Kabamba alipomaliza upande wa kushoto, mwenye gauni akaita, akakimbilia cherehani. Pindo halijaisha, mwenye simu akafoka. Akachomeka chuma cha kulehemu. Betri ikakata roho, na mashine ya kunyolea ikazima nayo. Wembe nao alikuwa ameukatia nyuzi hadi ukawa butu. Papa Ilunga akabaki nusu kipara, nusu kichaka.

"Papa, nikushonee kofia?"

"Unishonee kofia ya kuficha aibu yako?"

Hapo boti ya wazee ikagusa mchanga. Mmoja alicheka mpaka jogoo wa posa akamponyoka.

"Binti yangu siwezi kumupa batu batatu," Papa Ilunga alitamka. "Rudia siku utakuwa mutu mumoja!"

Kabamba alilia machozi ya kweli. Marlène hakumbembeleza, alimkabidhi vitenge viwili: "Njo metili yako." Kijana alitazama kazi zake kwa uchungu, kisha akafunika cherehani kwa kitenge kimoja, akafunika na sanduku la simu kwa cha pili.

"Kumebakia nini?" Marlène aliuliza.

"Kichwa ya papa yako."

"Basi enda ukimalize."

Jua lilijaza betri, kichwa kikaisha, na jogoo akakamatwa. Papa Ilunga alijipapasa upande wa pili, akaitikia posa. Kabamba hamcheki tena yule mnyama, kwani amesadiki kwa machozi yake: njia mbili zilimshinda fisi.