Konrodi za Tajiri Kimbute

Fundi Sekiete alikuwa mwoga, na alimkumbuka Mungu akibanwa tu. Siku hiyo alimkumbuka sana.

"Konrodi za lori langu, vyuma vinavyoshika pistoni, umezipindisha wewe ulipofunga pistoni hizo!" alifoka Tajiri Kimbute mbele ya wateja. "Sanduku lako la spana nalichukua!"

Sekiete alichungulia chujio la hewa, akaona tope.

"Pistoni hazijalika, tajiri, kwa hiyo nilizifunga sawa. Labda injini ilichoka tu. Watu wanasema juzi uliuogopa mto, ukarudi."

"Nirudi mimi? Nilivuka! Maji yalifika juu ya boneti, hadi injini ikazimika!"

"Basi ilimeza maji, mzee wangu. Pistoni haiwezi kuyabana maji, ndipo konrodi hupinda."

Wateja waliangua kicheko. Sekiete alilikumbatia sanduku lake, akatubu kimoyomoyo, maana hakuna mtu aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu mto.