Jini Aliyenyamaza Siku ya Nairuzi

Alitawala katika mji wa Marijani Sultani Nuumani bin Ghalibu, mwenye haki nyingi na subira nyingi zaidi, na katika enzi yake aliishi fundi aitwaye Mundhiri, ambaye alikuwa akifunga majini wa upepo ndani ya visanduku, wawili wawili, pacha kwa pacha, hata mtu akisema kwenye kisanduku hapa, pacha wake huyasema maneno yale yale ng'ambo ya milima. Visanduku vya shaba viliuzwa kwa watu kama mimi na wewe, na majini wake walikwenda polepole. Vya dhahabu viliuzwa kwa matajiri, na majini wake walikwenda kama umeme.

Azima, yaani maneno ya kumwamrisha jini, aliijua Mundhiri peke yake. Mnunuzi alipewa hirizi iliyoshonwa na azima ndani yake, akaitundika mlangoni, na bawabu, yule pepo anayelinda kila nyumba ya Marijani, akaisoma na kumwamrisha jini. Na desturi ya mji ilikuwa kwamba kila Nairuzi, siku ya mwaka mpya, watu wakishakoga baharini na kuzoa majivu ya mwaka, huwaachia mabawabu wa zamani na kuweka wapya. Bawabu mpya hasomi hirizi ya zamani, naye Mundhiri alishona hirizi mpya kwa visanduku vya mwaka huo tu.

Palikuwa na mjane, Bi Raihani, mfukiza udi wa maharusi, na binti yake wa pekee, Tuhfa, alikuwa ameolewa na msafiri ambaye mama hakumtaka. Siku chache kabla ya Nairuzi, Tuhfa alisema kwenye kisanduku cha shaba: "Mama, nimekosa. Nipe radhi zako." Bi Raihani akajibu: "Ngoja, mwanangu, moyo wangu haujapoa." Nairuzi ikapita, moyo ukapoa, akakifungua kisanduku ampe mwanawe radhi, na jini kimya.

Akaenda kwa fundi.

"Hirizi za visanduku vya zamani sishoni tena, bibi," akasema Mundhiri. "Nunua vipya, kimoja umpelekee kwa msafara."

"Msafara utafika baada ya masika, na mwanangu anangoja neno moja. Sikwambii unishonee. Nipe azima, nitashona mwenyewe. Sisi wanawake wa mtaa huu tumeshona kofia za vito, hirizi itatushinda?"

"Azima siitoi. Sultani ameamuru jini asipae kupita mnara wa mji, asije akagongana na majini wake waletao habari za moto na maadui. Azima ikizagaa, mhuni mmoja atamrusha jini wake mpaka mawinguni, na shingo itakayokatwa ni hii yangu. Tena wako mafundi wenzangu. Wakisoma maneno yangu, hakosi mmoja wa kusema neno hili ni la babu yake, nimemwibia."

Yote hayo yalikuwa kweli, na mimi msimulizi simchukii Mundhiri, maana mwenye kuogopa haoni haya. Lakini ilikuwako sababu ya tatu, na hiyo aliimeza.

Bi Raihani akashitaki barazani kwa Sultani, na Mundhiri akaomba muda, akaongezewa, akaomba tena, kesho na kesho kutwa, mpaka masika ikaanza na ikakatika. Ndipo Sultani akachoka, akasema: "Neno la mwinuko, lile limzuialo jini asipite mnara, hilo peke yake lifungwe shingoni mwa jini, asiliguse mtu. Yaliyobaki yasomwe mbele ya watu."

Yakasomwa, na katikati yake watu wakasikia: "Nawe jini, ukiwa ndani ya shaba, jikongoje." Kumbe majini wa shaba na majini wa dhahabu ni wale wale. Baraza ikanung'unika, na Mundhiri akatazama vidole vya miguu yake.

Bi Raihani hakunung'unika, alikuwa anashona. Hirizi ikatimia, bawabu wa jumba la Sultani akaisoma, jini akaamka, na kama ilivyo ada ya majini akatoa kwanza maneno yaliyomngojea, kwa sauti ya Tuhfa: "Mama, nimekuita hata nimechoka. Nimejua hukunisamehe, na haki yako. Tunahamia mbali, upepo usikofika. Kisanduku nakiacha hapa, nisikusumbue."

"Radhi zangu unazo, mwanangu," akasema Bi Raihani. Akarudia, na akarudia.

"Bibi," akasema jini, "huko hakuna mtu."

Mundhiri alitajirika kuliko zamani, kwani watu walipojua kushona hirizi zao wenyewe walivipenda visanduku vyake na kuvinunua mno, na shingo yake haikukatwa, na fundi aliyedai neno la babu yake aliridhika kwa karamu. Akaoa kwa harusi kubwa, na ukumbini hapakuwa na harufu ya udi, kwani hakuthubutu kumwita mfukizaji. Mwishowe alimwendea, akapiga magoti, akasema: "Bi Raihani, nisamehe."

Mjane akamtazama, na machozi yakamtoka. "Mwanangu nilimwambia angoje, nawe ukaniambia mimi ningoje. Wewe sitakwambia ungoje, Mundhiri. Nimekusamehe sasa hivi."

Hapa ndipo hekaya ilipoketi. Na aliyefungia kifuani neno la mwenziwe, na amtolee angali yupo wa kulisikia.