Mshipa Uliofutwa

Isome taratibu, kisha mpe na mwenzio anayejiona anajua kila kitu.

Daktari wa mifugo Mbazi alitaka kuchora ramani ya mishipa ya damu iliyomo tumboni mwa mbwa. Akawaomba majirani mbwa wao wenye afya, akawalaza kwa sindano na kuwapiga picha kwa mashine inayoonyesha mwili kwa ndani.

Mishipa ya mbwa wote ilifuata njia moja, isipokuwa ya Doria, mbwa mdogo wa Bi Nakijwa. Mshipa wake mmoja mnene ulipinda ukapita nyuma ya bandama.

"Daktari, mbona huu umepita huku?" aliuliza msaidizi wake, Elinami.

"Mbwa alitikisika. Ifute hiyo."

"Alikuwa amelala fofofo, daktari."

"Futa, Elinami. Itatuharibia ramani."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu aliambiwa, na bado hakutazama. Picha ikafutwa, na Bi Nakijwa akaambiwa kila kitu kimetoka vizuri. Ramani ikatundikwa ukutani, daktari akasifiwa kila kona.

Miaka ikapita. Bi Nakijwa, aliyekuwa amehamia mji wa mbali, akarudi na Doria, sasa jibwa kubwa, tumbo limemvimba. Bandama ilikuwa na uvimbe, lazima itolewe. Daktari hakumkumbuka mbwa yule. Mashine ilikuwa chumba cha pili tu, lakini aliona picha ya nini, na ramani anayo kichwani?

Akakata pale ambapo ramani yake ilisema hapana kitu. Damu ikafoka. Alihangaika kuizuia, akashindwa, Doria akamfia mezani. Ndipo alipouona ule mshipa uliopinda nyuma ya bandama, na akamkumbuka.

Alitoka nje kichwa kimeinama. "Pole sana, mama. Nimeshindwa kumwokoa."

Bi Nakijwa alilia kimya kimya, kisha akamshika mkono. "Usijilaumu, baba. Kwetu madaktari wapo, tena karibu. Nikawaambia wanangu, hapana, nampeleka kwa yule aliyekwisha kumwona ndani."

Daktari aliishusha ramani siku hiyo hiyo, lakini Doria alikuwa ameshakwenda. Jambo lile linamuuma mpaka leo.

Funzo: Usiufute ukweli kwa sababu tu umekuharibia hesabu zako. Utakapouhitaji, hutakuwa nao, na atakayeumia ni yule aliyekuamini.