Mara Saba Katika Theluji

Hapo zamani, wala si zamani sana maana kamera zilikuwapo, paliishi huko Korea mwigizaji aitwaye Maeng Do-shik. Mwigizaji wa aina gani? Wa kufa! Miaka ishirini aliigiza maiti, mlevi wa kituo cha basi, askari anayepigwa risasi kabla hajasema neno. Watu walimwona wasimjue. Basi akasema liwalo na liwe, nitatengeneza filamu yangu, niiongoze na kuigiza mwenyewe. Asiye na kampuni hana pa kuchagua waigizaji. Akamchukua mama yake mzazi, Bi Bok-nyeo, aigize mama.

Miaka minne waliirekodi vipandevipande. Likabaki onyesho moja: mwana anaondoka, mama amesimama kwenye theluji bila koti, anamtazama asilie. Wakapanda milima ya Gangwon wakiwa wanne: Do-shik, mama yake, dada yake mkubwa Sun-ae, na mpiga picha Tak Jong-pil.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwongozaji akiingia mbele ya kamera, hajioni tena. Macho yake ni ya mpiga picha. Na Jong-pil alikuwa mdogo kwa Do-shik kwa miaka sita, na kwao mdogo hamtangulii mkubwa kwa neno, husubiri aulizwe.

Mara ya kwanza Bi Bok-nyeo akasimama, akatazama, na Jong-pil nyuma ya kamera akasisimka mwili mzima. Akajua imepatikana. Akangoja aulizwe. Do-shik hakuuliza, akasema turudie. Ya pili, turudie. Ya tatu, turudie. Ya nne, ya tano, turudie. Kila mara alihisi kuna kitu kimepungua, kumbe kilichopungua ni kujiamini kwake. Miaka ishirini ya kuambiwa hufai si mchezo, jamani. Baada ya ya sita aliiona midomo ya mama imebadilika rangi, akamwonea huruma, akasema basi, tushuke.

Ndipo mama akasema, "Moja tena, mwanangu. Ile nilitetemeka. Sitaki waseme filamu yako imeharibiwa na mama yako."

Wakarudia ya saba.

Sun-ae alikuwa pembeni, koti la mama mkononi. Yeye peke yake alijua kwamba daktari amemkataza mama baridi kwa ajili ya mapafu yake. Mama alimwapisha asiseme mpaka filamu iishe, naye akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya tisa baada ya kushuka mlimani, Bi Bok-nyeo akafariki hospitalini.

Walipokwisha kumzika, Do-shik akaketi kuhariri. Akazitazama zote saba, akazitazama tena. Ile ya kwanza ilikuwa bora, nyingine hata hazikuikaribia. Akawaita Sun-ae na Jong-pil waje waone. Wakaona, na hakuna aliyebisha.

"Ni mimi," akasema Do-shik. "Mama anaganda mbele yangu, nami nawaza filamu."

Jong-pil akapiga magoti. "Hapana, kaka, ni mimi. Niliiona nikaona haya kukutangulia. Neno langu moja lingemteremsha mlimani."

Sun-ae hakulia, machozi yalikuwa yamemwishia. Akasema, "Ninyi hamkujua. Mimi nilijua, na koti nililishika mimi."

Mnadhani kuungama kuliwapunguzia? Thubutu! Kila mmoja aliutaka mzigo wote, na hakuna aliyeweza kumtua mwenzake hata kidogo. Jong-pil hajagusa kamera tena. Sun-ae haji kwa mdogo wake, hata siku ya kumbukumbu ya mama. Do-shik aliitwa akaigize maiti, akakataa, na tangu hapo hajaitwa. Tamasha moja la filamu limeandika mara mbili kuiomba kazi ile. Hajajibu. Kuionyesha hawezi, kuifuta hawezi, maana humo ndimo mama yake alimobaki. Hukaa nayo tu, amekwisha kabisa.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu. Mmoja alisema turudie mara tano, mmoja alinyamaza, mmoja alificha. Na ya saba aliiomba marehemu mwenyewe, ingawa hilo sijui kama mwanawe anaweza kulisikia.

Je, nani alimuua Bi Bok-nyeo? Na mkishampata, nani kati yenu atakwenda kumwambia?