Matanga ya Ngiri

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kiu!
Kiu ya nani?
Ya kila mtu, kasoro mmoja!

Huyo mmoja ni Ngiri, mwenye meno yaliyopinda kama mundu. Mwaka huo mvua zilikatika mapema, madimbwi yakakauka, ikabaki chemchemi moja tu bondeni. Ngiri akaikalia. Akija Chura, "Toka!" Akija Mchwa, "Toka!" Akija Konokono, "Toka, tena jiburure polepole nikucheke!" Halafu anainama, anakunywa peke yake: gugu-gugu-gugu.

Lakini maji hayakumshuka vizuri, maana alikuwa na wivu, na wivu wenyewe ulikuwa juu ya Konokono. Kila kiangazi kikikolea, Konokono huziba mlango wa nyumba yake, akafa. Bonde zima humlilia. Mvua ikirudi, mlango huo, pwaa! Pembe hizo nje! Bonde zima humpigia vigelegele.

"Kidudu hata mguu hana, analiliwa!" Ngiri alinung'unika. "Na mimi je?"

Roho ilimuuma, akaenda kuuliza.

"Chura, tukifa twenda wapi?"

"Kwetu husemwa kufa ni kukua tu. Ulikuwa yai, ukaota mkia, ukaota miguu. Kaburini unaota kingine."

"Na Konokono ataota kikubwa kuliko changu?"

"Sijui, bwana."

"Mchwa, tukifa twenda wapi?"

"Kwetu husemwa twarudi chini kwa mama, kila mmoja na chumba chake."

"Na cha Konokono ni kikubwa kuliko changu?"

"Sijui, bwana."

"Mbayuwayu, tukifa twenda wapi?"

"Kwetu husemwa twavuka milima, tukarudi na masika."

"Na Konokono atafika kabla yangu?"

"Konokono? Huyo afike kabla ya nani?"

Ngiri hakucheka. Akamwendea Konokono mwenyewe.

"We! Umekufa mara nyingi. Nani anasema kweli?"

Konokono koo lilikuwa limemkauka, akili bado. "Wote, bwana mkubwa. Milango ni mingi. Ila kila mlango una bawabu, naye huuliza swali moja tu: nani amekulilia?"

"Na wewe humjibuje?"

"Namwambia, bonde zima. Basi hunipa kiti cha mbele."

Kiti cha mbele! Ngiri aliona kifua kinawaka. "Nizikeni leo hii! Wanililie kuliko wewe!"

"Watalia na nini, bwana? Macho yamewakauka."

"Si wanywe! Wanywe wapate machozi!"

Ngiri akaingia shimoni, kichwa mbele, mkia nje. Wanyama wakaja mbio chemchemini. Gugu-gugu-gugu! Kisha wakalia: uwiii! uwiii! Ngiri akatabasamu gizani.

"Konokono, yamefikia machozi yako?"

"Maiti hasemi, bwana. Bado kidogo. Waongeze maji?"

"Waongeze!"

Gugu-gugu-gugu! Uwiii!

"Yamefika?"

"Bado kidogo. Yangu yalitiririka hadi kule chini. Tuchimbe mfereji na yako yapite?"

"Chimbeni! Mrefu kuliko wake!"

Wakachimba, chaka-chaka-chaka. Ngiri alipochoka kufa, akatoka. Maji ya chemchemi yalikuwa yanapita mlangoni kwa kila mtu, na wanyama, wamelowa chapachapa, walikuwa wanaimba wakimsifu Konokono.

"Maji yangu!"

"Pole, marehemu," Chura akasema kwa upole. "Mirathi imeshagawanywa."

Ngiri akalia machozi ya kweli, na hakuna aliyemsaidia kulia.

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje, aone watu wanagawana nini.

Funzo lake, watoto: msidanganye habari za ahera. Konokono alidanganya, mkaona adhabu yake: maji anakunywa bure, na majirani wote wanampenda.

Hadithi nimeitua hapa. Iliyempendeza aibebe kwake. Iliyemchukiza ampelekee Ngiri, naye apate kitu.